Hague Haifiki Likoni

Vita Baridi vilipomalizika, mataifa ya Magharibi yalitambua ghafla kwamba Kenya haikuwa na demokrasia. Sisi tulikuwa tumeshalitambua hilo tangu Juni 1982, Kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba, na tukalionja tena mwaka 1988 katika upigaji kura wa mlolongo, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Desemba kifungu kile kikafutwa. Tangu hapo imezoeleka kuhadithiwa kwamba vyama vingi tuliletewa na mabalozi. Wanaohadithia hivyo huwasahau waliotiwa kizuizini Julai 1990, na waliouawa siku za Saba Saba, na wahubiri waliosema mimbarani wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Wafadhili waliusukuma mlango ambao bawaba zake wananchi walikuwa wameshazilegeza.

Hatusemi haya kwa kukosa shukrani. Twayasema kwa sababu ya Likoni.

Usiku wa 13 Agosti 1997 washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakapora bunduki, kisha wakawageukia majirani waliotoka bara. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayakimbia makazi yao. Uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni ukageuka kambi. Wadigo nao hawakusalimika: vikosi vya usalama viliwazoa vijana wao, wengi wakapigwa na kuteswa. Manung'uniko yao kuhusu ardhi na kazi yalikuwa ya kweli. Yalitumiwa na watu waliotaka wapiga kura fulani waondoke kabla ya uchaguzi. 29 Desemba ilipofika, wengi wenye kadi za kupigia kura Likoni walikuwa Nyanza au Ukambani, na kadi zile mfukoni hazikuwafaa kitu.

Je, dunia ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Mwisho wa Julai Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limesimamisha mkopo wake kwa sababu ya ufisadi, na hatulilaumu kwa hilo. Septemba wabunge wa vyama mbalimbali wakapatana katika IPPG, na mabalozi wakapumua. Mapatano yale yaliondoa baadhi ya sheria dhalimu. Tukiwa wanasheria twakiri. Lakini yaliafikiwa Nairobi wakati familia zilikuwa zikilala uwanjani mwa kanisa, na uchaguzi ukaendelea bila wengi wao. Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza, ikamaliza kazi 1999, ripoti yake ikafungiwa hadi 2002.

Nchi ilipowaka tena, Kofi Annan alikuja, na makubaliano ya 28 Februari 2008 yakatiwa saini. Wakenya wengi wakaitumainia Hague. Hapa sheria ni wazi, nayo ni chungu: mamlaka ya mahakama ile juu ya Kenya yanaanza 1 Juni 2005. Kwa kalenda ya Hague, maiti wa Likoni walikufa karibu miaka 8 mapema mno. Hata waliokufa ndani ya tarehe hawakupata hukumu, kwani kesi ya Naibu wa Rais na mwenzake ilisitishwa Aprili 2016.

Ilibaki Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyopewa mamlaka ya kuchunguza tangu 12 Desemba 1963. Ripoti yake ilikabidhiwa Mei 2013. Sura ya ardhi ikaguswa dakika za mwisho, hasa aya zilizohusu mashamba ya Pwani, na makamishna watatu wakakataa kuiidhinisha ilivyobadilishwa. Watatu hao walikuwa wageni: Mzambia, Mwethiopia na Mmarekani. Wenyeji walitia saini. Tulipaswa kuona haya, nasi tukanyamaza, kana kwamba ardhi ya Likoni ni ya Addis Ababa au Lusaka! Bunge lililoipokea halikuipitisha ripoti hiyo. Machi 2015 Rais aliomba radhi na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Msomaji, ni nani mtaani kwako aliyeonja hata senti moja?

Wapo watakaosema twafukua makaburi. Twawajibu kwamba baadhi ya wafu hao hata kaburi lenye jina hawana. Na wapo, hata katika safu zetu, wanaongoja balozi mwingine atie neno. Balozi huandika ripoti kwa serikali yake, na muda wake ukiisha hurudi kwao.

Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Twataka ripoti ijadiliwe, sura ya ardhi ikiwa na aya zilizoondolewa, na fidia ya Likoni ipangiwe fedha. Karatasi za saini zitakuwa milangoni mwa makanisa ya Likoni, Kisauni na Changamwe baada ya ibada ya Jumapili. Aliyepoteza mtu aje na jina lake kamili na mahali alipouawa. Aliyepoteza nyumba aje na jirani mmoja anayeikumbuka. Na jirani Mdigo asipitwe mlangoni. Naye ana majina ya kuandika.