Hakimu Aachiwe Kupima

Kila unyang'anyi unapotokea mtaani, husikika kauli ileile, na mara nyingi hutoka kwetu sisi washarika: wafungwe miaka mingi, na hakimu asipewe nafasi ya kupunguza. Hasira hiyo tunaielewa. Tumezika watu waliokatwa mapanga na tumekaa matanga na wajane wao. Hata hivyo tunasema wazi: sheria inayopanga adhabu kabla mtu hajasikilizwa haitendi haki, na Mkristo hapaswi kuishangilia.

Tanzania tumeizoea njia hii. Mwaka 1963 ilitungwa sheria ya adhabu za chini, pamoja na viboko. Mwaka 1972 ikaja nyingine badala yake. Leo anayetiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hufungwa miaka isiyopungua 30.

Chukueni mfano. Vijana wawili wanashtakiwa pamoja. Mmoja alipanga tukio, akashika panga na kumtisha mwenye duka. Mwenzake, mwenye miaka 19, alishawishiwa jioni ileile, akasimama mlangoni, na alipokamatwa alionyesha fedha zilikofichwa. Kila aliyemo mahakamani anaiona tofauti yao. Hakimu naye anaiona, lakini hana ruhusa ya kuitumia. Wote wawili, miaka 30.

Neno la Mungu halikufundisha hivyo. Kumbukumbu la Torati 25 linaweka kikomo cha juu, mapigo 40, ili ndugu asidharauliwe. Chini ya hapo mwamuzi hupima kwa kadiri ya kosa. Katika Luka 12 Bwana Yesu anamtofautisha mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake na yule asiyejua: mmoja hupigwa sana, mwingine kidogo. Naye Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba mtawala ajue lini aitumie sheria kwa ukali na lini kwa upole, akili ikitawala juu ya sheria iliyoandikwa.

Wapo watakaotujibu: hakimu akiachiwa nafasi, ataiuza. Hofu hiyo ina msingi. Lakini adhabu ya lazima haiondoi uamuzi, inauhamisha tu. Anayeamua sasa ni yule anayeandika hati ya mashtaka. Akiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, ni miaka 30. Akiandika wizi, mambo ni mengine kabisa. Hakimu huamua mbele ya watu, hutoa sababu, na uamuzi wake hukatiwa rufaa. Hati ya mashtaka huandikwa ofisini, mlango umefungwa. Kama tunaogopa rushwa, kwa nini tuupeleke uamuzi mahali pasipoonekana?

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi pale adhabu inapokuwa kifo. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa adhabu ya kifo ya lazima mwaka 2017. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapa hapa Arusha, iliamua dhidi ya nchi yetu kwamba adhabu hiyo ya lazima inavunja haki ya kuishi, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima. Mahakama za dunia hii zimeliona. Sisi tunaohubiri neema tunangoja nini?

Hatuombi mwovu aachiliwe. Aliyestahili miaka 30 apewe, na aliyeumizwa asikilizwe kabla ya hukumu. Tunaomba Bunge liweke kikomo cha juu na mwongozo, kisha hakimu apime na aeleze sababu zake hadharani.

Nasi washarika tuache kupiga makofi kila adhabu inapoongezwa. Siku ya mwisho kila mmoja wetu atasimama mbele ya Hakimu, na hakuna kati yetu anayetamani ahukumiwe bila kutazamwa usoni.