Kosa linyamazalo ndilo la kuogopwa

Walimu wengi wanaofundisha takwimu kwa tarakilishi humpongeza mwanafunzi ambaye programu yake imekwenda moja kwa moja bila kusimama, na humwonea huruma yule ambaye kioo chake kimejaa maandishi mekundu. Kwa maoni yangu, pongezi hizo na huruma hiyo aghalabu huelekezwa pasipostahili. Kosa linaloisimamisha mashine limekwisha kujitangaza lenyewe. La kuhofiwa ni lile linaloiacha mashine iendelee na kazi na kutoa jibu safi lenye desimali mbili, nasi tukalibeba jibu hilo hadi kwa wenye kukata shauri.

Tuanze na makosa yapigayo kelele, maana ndiyo yanayowavunja moyo vijana. Katika lugha ya programu iitwayo R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, mapema katika miaka ya 1990, mashine huweza kulalamika kwamba kitu fulani hakikupatikana. Kumbe mwanafunzi ameandika "Umri" kwa herufi kubwa, ilhali safu yenyewe inaitwa "umri". Mara nyingine amesahau kufunga mabano au alama za kunukuu, au ameweka alama moja ya usawa mahali palipotaka mbili. Dawa yake si ngumu. Asome ujumbe wa kwanza kabla ya ule wa mwisho, kwa kuwa hitilafu moja huzaa nyingine. Aendeshe programu mstari mmoja mmoja, apate kuona ni wapi ilipoharibika. Na maadamu ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza, mwalimu aufasiri kwa Kiswahili, ili mwanafunzi asidhani kwamba anatukanwa.

Sasa tuyageukie makosa yasiyosema neno. Tutwae mfano wa Jilore, bara ya Malindi, karibu na mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Tuseme wanafunzi wamepewa daftari la wagonjwa wa malaria walionakiliwa katika tarakilishi na makarani watatu. Wa kwanza ameandika "Jilore", wa pili "JILORE", na wa tatu ameandika "Jilore" kisha akaacha nafasi tupu mwishoni, nafasi ambayo jicho la binadamu haliioni. Kwetu sisi hapo ni mahali pamoja. Kwa mashine ni mahali patatu, na kila pamoja pana theluthi tu ya wagonjwa. Programu haitalalamika hata kidogo. Jedwali litatoka likionyesha kwamba maradhi ni machache, na mwenye kugawa dawa na vyandarua kwa kulitazama jedwali hilo atavipeleka kwingine.

Mfano wa pili ni wa umri. Ni desturi ya makarani kuandika 99 pale ambapo umri haukujulikana. Chukua watoto 10: tisa wana miaka 5 kila mmoja, na wa kumi umri wake haujulikani, basi ameandikiwa 99. Ukiiagiza mashine itoe wastani, itajibu 14.4. Watoto wadogo wamekwisha kuwa vijana wa kubaleghe, wala hakuna kengele iliyolia.

Wa tatu ni wa ujanja zaidi. Safu ya umri ina 12, 15 na 40, na mahali pamoja karani ameandika neno "hajui". Neno hilo moja hutosha kuifanya safu nzima ihesabiwe kuwa maneno. Hadi Aprili 2020, R ilikuwa na mazoea ya kuyageuza maneno ya namna hiyo kuwa makundi bila kuulizwa. Na hata leo, ukiyabadili makundi kuwa tarakimu bila hadhari, utapewa nambari za makundi yenyewe: 1, 2, 3 na 4. Mzee wa miaka 40 amekuwa mtoto wa miaka 3.

Wa nne ni wetu wenyewe, wala hautapatikana katika vitabu vya ng'ambo. Mama akisema kwamba mwanawe alishikwa na homa saa tatu asubuhi, huwa na maana ya saa ambayo mashine huiandika 9:00. Karani akiandika 3:00, na mtoto akafikishwa zahanati saa 10:00 ya mashine, safari ya saa moja itakuwa ya saa saba. Mama aliyefanya haraka ataonekana mzembe.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wanagenzi tu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala mashuhuri kuhusu madeni ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alijaribu kuzirudia hesabu zao kama zoezi la darasani, akagundua kwamba jedwali lao lilikuwa limeziacha nje nchi tano. Yeye na walimu wake walipoisahihisha hitilafu hiyo pamoja na mambo mengine waliyoyapinga katika hesabu hizo, wastani wa ukuaji wa nchi zenye madeni makubwa ulitoka asilimia -0.1 ukafika 2.2. Huko Uingereza nako, mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa Korona waliachwa nje ya hesabu kwa muda kwa sababu faili la mtindo wa zamani halikuweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Katika pwani yetu, kazi ya takwimu si ngeni. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwako Kilifi tangu 1989, na mjini humo pana Chuo Kikuu cha Pwani. Vijana wa Jilore wanaweza kuwa miongoni mwa wale watakaozihesabu homa za wazazi wao wenyewe. Nao ndio watakaotambua upesi kuliko mgeni kwamba saa tatu ya mama si 3:00.

Kwa hiyo nawaomba walimu mambo matatu. Kwanza, mtihani usimpe alama aliyefika kwenye jibu peke yake. Umpe pia aliyeliona kosa na kueleza lilivyoingia. Pili, kila mwanafunzi aiendeshe programu ya mwenzake kabla haijakabidhiwa, kama alivyofanya Herndon. Tatu, kabla ya kuiamini mistari 10,000, wanafunzi wachague 10, waihesabu kwa kalamu na karatasi, walinganishe na jibu la mashine. Wajiulize pia: vijiji ni vingapi katika orodha, na ni vingapi katika nchi? Umri mkubwa kabisa ni upi, na mdogo kabisa ni upi?

Maswali hayo hayahitaji chumba cha tarakilishi wala mtaalamu kutoka Nairobi. Yanahitaji mwanafunzi aliyefunzwa kulitilia shaka jibu lililomjia kwa wepesi, na mwalimu asiyeudhika anapoulizwa limetoka wapi.