Jembe Lake, Shamba la Kwao

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye daladala natoka Mwanakwerekwe kwenda mjini. Dereva kafungulia redio, na msikilizaji mmoja akapiga simu kuwasifu wageni wa laptopu. Hakukusudia watalii wa wiki moja. Alikusudia hawa wanaokodi nyumba Paje, Jambiani na Bwejuu kwa miezi kadhaa, wakafanya kazi za kampuni za kwao kwa mtandao huku bahari wanaiona dirishani. Alisema ni baraka tupu. "Hawachukui kazi ya mtu, hawamwombi mtu kitu, na dola wanaleta. Wazee walishasema, mgeni njoo, mwenyeji apone." Mtangazaji akaitikia kwa ahsante nyingi. Abiria wawili waliokaa mbele yangu wakatikisa vichwa kukubali. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, maana niliona nikibaki nitagombana na watu nisiowajua.

Kila anayetaka kutuuzia mgeni huanza na methali ile, na kila mara anaikata njiani. Wazee hawakuishia hapo. Walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hii ya pili ndiyo sharti la ile ya kwanza. Mwenyeji anapona kwa sababu mgeni akishatulia anaingia shambani pamoja naye. Sasa huyu wa laptopu siku ya tatu imempita zamani, na ya thelathini imempita. Jembe analo, kaja nalo mwenyewe kwenye begi la mgongoni. Lakini shamba analolilima liko Berlin, liko Toronto, liko Amsterdam. Mavuno yanaingia ghala la huko. Kwetu kaleta haja mbili tu, haja ya kula na haja ya pahala pa kulala. Ya kula haina ubaya. Mimi nasema juu ya pahala pa kulala, na nitalisema hilo mpaka mnichoke.

Mtoto wa dada yangu ni mwalimu wa skuli ya msingi upande ule wa kusini mashariki. Kazaliwa mjini, akapangiwa huko, akapapenda. Kwa miaka minne alikodi nyumba ndogo ya vyumba viwili, mwendo wa dakika saba kwa miguu mpaka skuli, akilipa shilingi 120,000 kwa mwezi. Uani alipanda mdimu karibu na pale anapomwaga maji ya vyombo, na mwaka jana ulianza kuzaa. Baada ya Idi mwenye nyumba akamletea habari, ila hakuja mwenyewe. Alimtuma mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi anayesoma skuli hiyo hiyo. Mtoto akasimama mlangoni, mikono nyuma kama yuko mbele ya ubao, akasema alichofundishwa kusema: "Shikamoo mwalimu. Babu anasema nyumba anaitaka, anataka kuitengeneza."

Kweli ikatengenezwa. Choo kikawa cha kukaa, kiyoyozi kikafungwa, meza ndefu ikawekwa kwenye dirisha linalotazama mnazini. Haukupita mwezi akaingia kijana mmoja wa Kizungu anayeandika programu za kompyuta, kwa dola 350 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mara saba ya alichokuwa akilipa mwalimu. Mzee yule ana paa moja la kukodisha na wajukuu sita chini ya jingine, sina la kumlaumu. Aibu alikuwa nayo, ndiyo maana akamtuma mtoto. Na kijana mwenyewe anasalimia watu, anapita na baiskeli yake polepole, hana kelele. Tabia yake njema haimrudishii mwalimu nyumba. Watu wawili wamewekwa kwenye mnada mmoja, mmoja analipwa mshahara wa Ulaya, mwengine analipwa mshahara wa ualimu wa Zanzibar, halafu tunaambiwa tushangilie kwa kuwa bei imepanda.

Hawachukui kazi ya mtu, alisema yule wa redioni. Mgeni kachukua kitanda cha mwenye kazi. Mwalimu asiye na pa kulala karibu na skuli kazi yake imeshachukuliwa nusu. Sasa hivi binti yetu anaamka saa kumi za usiku Mwanakwerekwe kwa mama yake, anapanda gari ya kwanza, anasafiri takriban kilomita 50, na mvua za masika zikinyesha anafika darasa la pili limeshakaa nusu saa bila mtu. Jioni anarudi njia ile ile na madaftari ya kusahihisha kwenye mfuko wa plastiki. Nauli inakula anachokula mtoto wake. Wala hayuko peke yake. Ulizeni wauguzi wa vituo vya afya vya pwani ile wanalala wapi. Muulizeni kijana anayempelekea mgeni kahawa saa nne asubuhi. Katoka Unguja Ukuu au Kitogani kwa bodaboda, kwa sababu kijijini kwa wazazi wake chumba cha kupanga hakipatikani tena kwa shilingi.

Wenye nyumba sasa wanahesabu kodi kwa pepo. Kusi na kaskazi, zilizokuwa pepo za majahazi, zimekuwa misimu ya tiara za kuchezea baharini. Kusi likivuma Juni, kodi inapanda. Kaskazi ikiingia Disemba, inapanda tena. Mpangaji wa shilingi anapewa miezi ya maleleji, wakati hakuna anayeitaka nyumba, na pepo zikirudi anatolewa. Mwalimu gani anaweza kuishi hivyo? Muhula wa skuli haufuati upepo.

Watetezi wao nimewasikiliza. Hoja yao kubwa, wallahi, ni madafu. Mgeni ananunua dafu, ananunua nanasi, anapanda bodaboda, kwa hiyo pesa imeingia mtaani. Nawauliza: mwalimu alikuwa hanywi? Alikuwa hanunui samaki kwa mvuvi yule yule, sukari kwenye duka lile lile, vitumbua kwa bibi yule yule kila asubuhi, miaka minne mfululizo, mvua na jua? Dafu moja la mgeni halilipi mwalimu mmoja aliyeondoka. Hata madafu elfu hayalipi. Anayeona dafu ni uchumi hajawahi kukaa kwenye kikao cha wazazi akaambiwa darasa la mtoto wake halina mtu wa hesabu.

Hoja ya pili ni kwamba wanaleta ujuzi, vijana wetu watajifunza kwao. Nimekaa kwenye mikahawa ile. Mgeni anaweka vitu vyake masikioni, anatazama kioo cha kompyuta kutwa nzima, anasema na bosi wake wa mbali, akimaliza anafunga na kwenda kuogelea. Kijana wetu anasimama hatua tatu kutoka kwake na trei mkononi. Miaka inapita na bado anasimama hapo hapo. Ujuzi hauambukizi kama mafua. Unafundishwa, na mtu wa kuufundisha ni yule yule mwalimu tuliyemtoa kwenye nyumba yake.

Wenzetu hawajalala. Barbados, kisiwa chenye watu wachache kuliko sisi, mwaka 2020 walianzisha kibali maalumu kwa watu wa aina hii: mwaka mmoja, mwombaji awe na kipato cha dola 50,000 kwa mwaka, na ada dola 2,000 kwa mtu mmoja. Indonesia, ambako Bali imevamiwa na watu hawa kuliko pahala pengine popote ninapopajua, inataka mwombaji awe anapata dola 60,000 kwa mwaka. Kenya ilitangaza kibali chao, daraja N, Oktoba 2024. Kwetu wengi wao wanaingia kwa visa ya kawaida ya matembezi, dola 50 kwa siku 90. Ongeza bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44, iliyoanza Oktoba mwaka huo huo. Siku zikiisha wanavuka Mombasa au Nairobi, wanakaa kidogo, wanarudi. Hoteli inatozwa, inakaguliwa, inatakiwa iajiri. Nyumba ya uani iliyokodishwa kwa makubaliano ya simu inaajiri mama mmoja wa kufua, mara moja kwa wiki.

Ada peke yake hainiridhishi, nisieleweke vibaya. Mji wa Mexico una wageni wa namna hii tele, na tarehe 4 Julai 2025 wenyeji wa mitaa ya Roma na Condesa waliandamana kwa sababu ya kodi za nyumba. Walibeba mabango ya kuwataka Wamarekani waondoke, na vioo vya maduka vikavunjwa. Sitaki tufike huko. Sisi ni watu wa kustahi mgeni, na kisiwa chetu chembamba hakina pa kukimbilia watu wakishachukiana. Ndiyo maana nasema sasa, wakati bado tunaamkiana njiani.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, kuna la bahari pia. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimebebwa na wanawake. Maji ya bamvua yakitoa, wanashuka na vigingi, kamba na taitai, wanafunga mbegu moja moja, migongo imepinda, chumvi inakula vidole. Bahari ikijaa, zinakuja zile tiara zinazovuta watu juu ya mbao, wengi wao ndio hao waliofunga kompyuta zao saa tisa alasiri. Shangazi yangu mmoja alinionyesha kamba yake iliyokatwa. Aliishika kwa ncha mbili, mwani umeshakwenda na maji, akasema, "Mwanangu, hii ni kazi ya wiki mbili." Hakuna aliyekuja kumuomba radhi, na hakujua amdai nani, kwa kuwa majini wote wanafanana. Bahari ile anaitazama mgeni akaiona pahala pa kupumzikia baada ya kazi. Kwa shangazi ndiyo kazi yenyewe.

Lakini linaloniuma zaidi ni jingine. Wanasema dunia sasa ni kijiji kimoja, mtu afanye kazi popote. Popote pa nani? Binamu yangu alipokwenda Oman kufanya kazi za ndani, alipimwa damu, akatakiwa awe na mdhamini, na kibali chake kikafungwa kwa mwajiri mmoja. Kule ambako babu zetu na babu zao walioana, hakuweza kuingia mpaka kuwe na mtu wa kumjibia. Kijana wetu akitaka kwenda Ujerumani kukaa miezi mitatu kando ya mto na kompyuta yake, ubalozi utamtaka aoneshe taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi na pa kulala, na bado anaweza kukataliwa. Wao wanalinda mlango kwa sababu wanajua thamani ya nyumba zao. Na sisi zetu zina thamani. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali. Mgeni anakodishwa tu, hata kama ukodi huo waweza kufika miaka 99. Walioweka sheria hiyo walikuwa na sababu zao, na mimi naziheshimu. Haina maana kumzuia mtu kununua kiwanja mchana, kisha usiku tukamuachia kila chumba cha kijiji kwa simu ya mkononi.

Ninachotaka nakisema wazi. Kila shehia ya pwani iwe na daftari la nyumba zinazokodishwa kwa wageni wa muda mrefu, na sheha awe na idadi asiyoweza kuivuka. Anayefanya kazi kwa mtandao aingie kwa kibali chake, si kwa visa ya matembezi, na ada ya kibali hicho ijenge nyumba za walimu na wauguzi kwenye shehia ile ile anayolala. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu. Wawakilishi wa majimbo ya kusini walipeleke Barazani. Wakiniambia wageni watakimbilia Mombasa au Mauritius, nitawajibu kwamba atakayekimbia kwa sababu ya kuambiwa achangie nyumba ya mwalimu hakuwa ametuletea kitu.

Ijumaa jioni mtoto wa dada yangu alinijia na fomu ya kuomba uhamisho wa kurudi mjini. Alitaka nimkagulie kabla hajaipeleka wilayani. Jina, namba ya ajira, skuli aliyopo, skuli anayoomba, yote kayajaza kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Kwenye pahala pa sababu wamewaachia walimu mistari mitano. Kaandika neno moja: makaazi.