Kwa nini amekandamiza peni hapa?

Mwezi uliopita nilikuwa Makambako, nikapita kwa bibi mmoja anayelea mjukuu wa miaka kumi. Nilitaka kujua anaendeleaje na dawa zake za presha. Baada ya "kamwene" na kikombe cha chai, mtoto akaniletea daftari la Hisabati. Ukurasa wa nyuma alikuwa amemchora bibi yake kwa peni.

"Anaharibu madaftari huyu, mwanangu," bibi akalalamika huku akimenya viazi.

Mimi niliendelea kutazama. Shavu lilikuwa mstari mmoja mwembamba, kama peni haikugusa karatasi. Kwenye mikunjo ya macho mtoto alikandamiza mpaka alama zikatokea upande wa pili. Mikono hakuimalizia. "Haitulii," aliniambia.

Penseli ina kifutio. Wino ukikosea unabaki, unachora mstari mwingine pembeni, na anayetazama anaona mkono uliposita na ulipokaza. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alimchora mkewe Saskia kwa wino akiwa amelala kitandani. Katika mchoro mmoja, mhudumu aliyekaa mbele kapigwa mistari minene ya brashi, Saskia nyuma yake kapewa mistari membamba ya kalamu. Mama huyo alifariki mwaka 1642 akiwa na miaka 29.

Nikamuuliza mtoto kwa nini pale machoni amekandamiza vile. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema bibi halali usiku, anakaa kitandani ameshika kichwa, na yeye akimuuliza anaambiwa alale.

Bibi akaacha kumenya viazi. Hakujua kwamba anaonekana.

Msomaji, sisemi mchoro ni kipimo cha daktari. Mtoto anaweza kukandamiza kwa sababu peni inaishiwa wino, basi. Presha nayo mara nyingi haina dalili yoyote, na kichwa huuma kwa mambo mengi. Anayejua ni mwenye mashine ya kupimia. Lakini kuuliza "hapa umechora nini?" kabla ya kugombeza kuhusu daftari hakugharimu kitu.

Kumbe dawa zilikuwa zimekwisha wiki mbili, na aliona aibu kuomba nauli kwa watoto wake. Jumatatu alikwenda kupimwa na akarudi na dawa. Nilipompigia simu juzi aliniambia daftari jipya limenunuliwa, halina mistari. Sasa anamdai mjukuu amalizie mikono.