Ghala la Fizikia Hujazwa na Walio Mbali

Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mtihani wa taifa anajua kwamba kazi haiishi kengele inapolia. Karatasi huhesabiwa, hesabu ikalinganishwa na orodha ya waliohudhuria, bahasha ikafungwa, sahihi zikatiwa. Na huko mzigo uendako, hapana budi uhesabiwe upya. Naanza na jambo hili la nyumbani kwa kuwa nataka kuzungumzia jingine la mbali lililo ndugu yake: jinsi wanafizikia walivyokuwa wakituma hifadhidata za mwigo kutoka vyuo vilivyotawanyika katika nchi kadhaa hadi maabara moja kuu huko California, Marekani.

Maabara hiyo ni SLAC ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kati ya mwaka wa 1999 na 2008 palifanyika hapo jaribio lililoitwa BaBar. Elektroni zenye nishati ya GeV 9 ziligonganishwa na pozitroni za GeV 3.1. Nishati hizo zilifanywa zisilingane kwa makusudi, ili chembe zilizozaliwa, ziitwazo mesoni za B, zisukumwe upande mmoja. Mesoni ya B huishi kwa kiasi cha pikosekunde moja na nusu tu, na katika umri huo mfupi ilisafiri takriban robo ya milimita kabla ya kuvunjika. Swali lilikuwa hili: je, mesoni hiyo na kinyume chake huvunjika kwa namna moja? Mnamo 2001 BaBar, pamoja na wenzao wa jaribio la Belle huko Japani, walijibu kwamba sivyo. Mwaka wa 2008 Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, ambao nadharia yao ya 1973 ilikuwa imeiashiria tofauti hiyo, walitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Lakini migongano ya kweli peke yake haitoi jibu. Mvuvi aliyepata samaki mia hawezi kujua ni wangapi waliopenya matundu ya wavu wake. Vivyo hivyo, hakuna chombo cha kunasa chembe kinachonasa kila kitu. Dawa yake ni mwigo. Tarakilishi hubuni mgongano kwa kutumia nambari za bahati nasibu, kisha programu kama Geant4 huzipitisha chembe hizo za kubuni katika mfano wa chombo, tabaka baada ya tabaka. Kwa kuwa mbunifu anajua ni chembe ngapi alizotia, anaweza kuhesabu ni ngapi zilizopotea, na kwa kipimo hicho akasahihisha hesabu ya migongano ya kweli.

Kazi hiyo hula muda mwingi wa tarakilishi kupita kiasi, na SLAC haikuiweza peke yake. Ikagawiwa vituo zaidi ya 20 nchini Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani. Tena barabara ilikuwa ya kwenda na kurudi. Kwanza, maabara kuu ilipeleka nje kumbukumbu za hali ya chombo kwa tarehe mbalimbali, pamoja na kelele halisi zilizonaswa kwa nyakati za kubahatisha, ili zichanganywe na migongano ya kubuni. Ndipo kituo kilipoanza kuiga, kukagua na kurejesha mavuno.

Katika kurejesha ndimo mlimokuwa na mitego. Miaka ya mwanzo hifadhidata hizo zilitunzwa kwa mfumo wa Objectivity, ambamo kila hifadhidata ina nambari yake, na mbili zenye nambari moja haziwezi kukaa katika ghala moja. Kwa hiyo nambari zilipaswa kugawanywa mapema, tena kwa uchache, maana ghala moja halikuweza kupita hifadhidata 65,000 na ushei. Kuna na mtego wa mbegu, yaani nambari ambayo tarakilishi huanzia kubuni bahati nasibu. Vituo viwili vikianza na mbegu moja kwa hali zilezile, vitazaa migongano ileile, na mtafiti ataihesabu mara mbili akidhani amepata ushahidi mpya.

Kisha umbali wenyewe. Mtumaji wa data hutuma kiasi, akangoja kuambiwa kwamba kimefika, ndipo aendelee. Kati ya Ulaya na California jibu hilo huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na wakati wote huo waya umelala bure. Ndipo zilipoandikwa programu kama bbftp, iliyotoka Lyon, na bbcp, iliyotoka SLAC kwenyewe, ambazo huligawa faili katika mikondo mingi inayokwenda sambamba. Likifika, pande zote mbili hukokotoa nambari ya ukaguzi kutokana na yaliyomo. Zikitofautiana, faili linaombwa upya. Wala si busara kituo kufuta nakala yake kabla ya kupata jibu.

Somo hili la mwisho nililipata kwa njia chungu. Katika shule moja niliyofundisha zamani, chama chetu cha sayansi kilipima mvua kila asubuhi kwa mihula miwili. Tuliziingiza nambari katika tarakilishi ya pekee tuliyokuwa nayo, tukazinakili katika disketi, disketi ikapanda basi kwenda mjini. Siku iyo hiyo nikazifuta za shuleni, kwa kuwa nafasi ilihitajika. Disketi haikusomeka. Wanafunzi hawakunilaumu kwa maneno, lakini muhula uliofuata hakuna aliyejitolea kwenda kwenye kipimamvua.

Najua wapo watakaosema kwamba habari hii ni ile ile ya kahawa: wa pembezoni wanalima, ghala na faida viko kwingine. Hoja hiyo ina uzito, na siidharau. Hata hivyo, katika BaBar waliotuma mwigo walikuwa pia na haki ya kulifungua ghala na kuuliza maswali yao wenyewe. Nakala za data ziliwekwa Lyon, Rutherford nchini Uingereza, Padova na Karlsruhe. Na majina yao yalitokea katika makala pamoja na ya wenyeji wa mtambo. Anayetuma bila haki ya kufungua ndiye mchukuzi. Chuo chetu chochote kitakachoalikwa katika kazi ya namna hii kiulize kwanza swali la ufunguo, kabla ya kuuliza la vifaa.

Kuhusu vifaa, udhuru wetu umepungua. BaBar ilipozima mtambo Aprili 2008, Kenya ilikuwa ingali ikitegemea setilaiti. Kebo za nyuzi chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Tangu hapo umbali si sababu tena ya kumwambia mwanafunzi kwamba fizikia ya chembe ni ya kutazamwa kitabuni tu.

Walimu wenzangu wa fizikia, tunaweza kuanza muhula huu. Shule mbili za kaunti tofauti ziige uozo wa mnururisho kwa nambari za bahati nasibu, kila moja kwa mbegu yake, kisha zitume matokeo kwa shule ya tatu pamoja na idadi ya mistari na jumla yake. Shule ya tatu ikikokotoa jumla isiyolingana, iombe upya kabla ya kuchora grafu. Na zile mbili zisifute hata mstari mmoja mpaka zijibiwe.