Mashabiki wa SeyFer, nyinyi ndio Halis Ağa

Nitatukanwa, najua, lakini wacha niseme. Wengi wenu mnaojiita mashabiki wa Afra Saraçoğlu hamumpendi Afra. Mnampenda Seyran. Na hata huyo Seyran hamumpendi vile, mnampenda tu akiwa mikononi mwa Ferit, muziki wa polepole ukicheza, machozi yamesimama kwenye kope. Hizo klipu za sekunde 30 zimejaa TikTok. Juu mtu ameandika "Mungu nipe Ferit wangu" na chini wasichana wa Nairobi na Mombasa wanaitikia amina.

Ferit wako? Yule yule?

Kama hujawahi kuitazama Yalı Çapkını, hii hapa kwa ufupi. Ilianza Septemba 2022 kwenye Star TV ya Uturuki. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: ukiliandika kama neno moja ni ndege mdiria, yule mvuvi wa samaki mwenye rangi za kung'aa. Ukitenganisha, ni kiwembe wa jumba la ufukweni. Kiwembe ndiye Ferit Korhan, mjukuu wa tajiri wa Istanbul, kijana wa kulala mchana na kulewa usiku. Babu yake, Halis Ağa, anachoka naye na kuamua dawa ni ndoa. Watu wanatumwa mpaka Gaziantep, mji wa asili ya ukoo, kutafuta mke. Wanamchagua Suna. Ferit akifika anamwona mdogo wake, Seyran, anasema namtaka huyu. Basi, wanabadilisha, kama mtu aliyerudisha viatu dukani kwa sababu rangi haikumpendeza.

Seyran alitaka nini? Hapo ndipo klipu zenu hazifiki. Seyran alitaka kusoma. Alitaka chuo kikuu. Baba yake, Kazım, anapiga mabinti zake na anauona utajiri wa akina Korhan kama shimo la dhahabu. Msichana anabebwa na ndoto yake ya masomo inazikwa, halafu anaingia kwenye jumba ambalo mume wake bado ana msichana wake mwingine, Pelin, na hajifichi sana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa, kwa hivyo labda kidonda changu kinawasha kuliko chenu. Lakini manze, mtu akinyang'anywa masomo mbele ya macho yako na wewe unaona tu kapo tamu, kuna kitu umefundishwa vibaya.

Na hadithi hii haikutoka hewani. Msingi wake ni simulizi ya Gülseren Budayıcıoğlu, daktari wa magonjwa ya akili ambaye ameandika vitabu kutokana na mambo aliyoyasikia kwa wagonjwa wake. İstanbullu Gelin ilitoka kwake. Masumlar Apartmanı pia. Huyu ni mama ambaye kazi yake ni kukaa na watu walioumizwa na familia zao. Alichotuletea ni jeraha. Sisi tukalipiga picha, tukaweka maua pembeni, tukaandika "mapenzi ya kweli".

Sasa turudi kwa Afra, kwa sababu yeye ndiye mnayedai kumpenda.

Alizaliwa Antalya, kusini mwa Uturuki kwenye pwani, tarehe 2 Desemba 1997. Filamu yake ya kwanza, İkinci Şans, ni ya 2016, kabla hajafika miaka 20. Mwaka uliofuata akaingia Kötü Çocuk, filamu iliyotokana na hadithi ya Wattpad. Maana ya jina hilo ni mvulana mbaya. Yaani tangu mwanzo wenye pesa walikuwa wameshaamua uso wa huyu dada ni wa kumlilia mwanaume msumbufu. Mwaka huo huo 2017 akawa Ece kwenye Fazilet Hanım ve Kızları, na hii ndiyo ninayotaka muikumbuke: mama mzazi anauangalia uzuri wa bintiye kama tiketi ya kuitoa familia kwenye umaskini. Nazan Kesal alicheza huyo mama mpaka unatamani kuingia kwenye kioo umshike mkono.

Kisha Kardeş Çocukları ya 2019, ikaisha. Öğretmen ya 2020, ikaisha. Hakuna kati yenu aliyezitengenezea klipu. Huko Uturuki takwimu za watazamaji zikishuka, stesheni inaikata tamthilia katikati, watu wanafungasha mavazi na kwenda kutafuta kibarua kingine. 2021 akaonekana kwenye Yeşilçam, kando ya Çağatay Ulusoy, hadithi ya watengeneza filamu wa Istanbul miaka ya 60. Halafu ndipo Seyran. Kwa hivyo ukisema "huyu ametokea tu juzi, ni sura tu", juzi yako ina miaka sita.

Na sura haichezi tamthilia ya Kituruki. Hebu niambie, sehemu moja kule ni dakika ngapi? Wengi hamjui, kwa sababu zikiuzwa nje hukatwakatwa vipande vya kama dakika 45 ndivyo tunavyoletewa. Kule kwao sehemu moja inapita saa mbili. Kila wiki. Msimu unaanza Septemba na kwenda mpaka karibu Juni, na mara nyingi wanapiga picha za sehemu ya wiki ijayo wakati hii ya leo iko hewani. Ni filamu nzima kwa wiki moja, halafu wiki inayofuata nyingine. Mwigizaji mkuu wa kike yuko karibu kwenye kila onyesho, na kwa Seyran nusu ya hayo maonyesho ni kulia, kupiga kelele au kukaa kimya akimeza hasira. Wafanyakazi wa tamthilia wenyewe waliwahi kuingia barabarani Istanbul, Desemba 2010, wakilalamikia urefu huu. Wakati huo sehemu zilikuwa kama dakika 90. Mwaka uliofuata waigizaji wakaunda chama chao cha wafanyakazi. Sehemu hazikufupishwa, zilirefuka.

Angalia tena zile za meza ya chakula kwa akina Korhan. Watu zaidi ya kumi wamekaa, kila mtu ana sumu yake, na Halis Ağa, yaani Çetin Tekindor, mzee ambaye sauti yake peke yake inatosha kufunga mlango. Afra mara nyingi hana mstari hapo. Anachofanya ni kushika uma na kusikiliza. Lakini unamwona akihesabu: nani amenitusi, nijibu sasa ama nisubiri, nikijibu nani atalipa. Uso unabadilika kidogo tu. Hiyo ndiyo kazi, bana. Hiyo haimo kwenye klipu yenu kwa sababu Ferit hamgusi.

Mambo yangeishia kwa ladha mbaya ningenyamaza, kila mtu na macho yake. Kilichonifanya niandike ni vile mashabiki walivyomgeukia Afra mwenyewe. SeyFer ilikuwa jina la kapo ya kwenye runinga, Seyran na Ferit. Polepole ikawa sheria. Akipiga picha na Mert Ramazan Demir, aliyecheza Ferit, watu wanahesabu sentimita kati ya mabega yao. Akipiga bila yeye, wanauliza yuko wapi. Akienda likizo, wanatafuta kioo cha nyuma kama kuna mtu ameonekana. Sitaandika hapa nani alikuwa na nani na waliachana lini, hiyo si mali yangu. Si mali yako pia. Lakini nenda usome maoni chini ya picha zake. "Rudi kwake." "Tunakuombea muoane." "Usituvunje moyo." Mtu wa Nakuru anamwambia msichana wa Antalya asimvunje moyo!

Sasa niambieni, kuna tofauti gani? Wazee walikaa kwenye jumba Istanbul wakaamua Seyran ataolewa na nani, bila kumuuliza. Nyinyi mmekaa na simu, bando ya shilingi ishirini, mmeamua Afra ataolewa na nani, bila kumuuliza. Nyinyi ndio Halis Ağa. Hamna tu jumba la ufukweni. Mmetazama masaa na masaa ya hadithi inayosema msichana si mzigo wa kugawiwa, halafu mkamgawa aliyeicheza.

Najua jibu lenu, nimelipata mara nyingi: "Relax, ni hadithi tu." Sawa. Chagueni moja. Kama ni hadithi tu, basi Afra ni mfanyakazi aliyemaliza zamu, mwacheni aende nyumbani na anayemtaka au peke yake. Kama si hadithi tu, kama kweli inaingia kwenye maisha mpaka mnaomba Mungu awape Ferit, basi tuongee pia kuhusu ngumi za Kazım, na kuhusu mume anayevunja vitu akikasirika halafu kesho analeta zawadi. Hamwezi kuchukua busu mkaacha kofi. Zimo kwenye kifurushi kimoja.

Na msiniambie hayo ni ya Waturuki. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu walitembea Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Wengine wenu mlikuwa pale, nimeona picha zenu, mabango mazuri kabisa. Nikishuka chini kidogo kwenye kurasa hizo hizo nakuta ile klipu ya Ferit akimshika Seyran mkono kwa nguvu mlangoni asitoke, na nyie mmeandika "akikupenda hakuachii". Mkono ule ule. Mlango ule ule. Siku moja ni bango, siku nyingine ni moyo mwekundu.

Simwambii mtu aache kutazama. Mimi mwenyewe nimekesha nayo, na nikiulizwa nasema Yalı Çapkını ikiwa katika ubora wake inajua inachofanya: inakuonyesha Suna, dada aliyekataliwa mbele ya wageni sebuleni kwao, na inakuacha ukae na aibu yake. Beril Pozam aliyemcheza anastahili klipu zake pia, lakini nani ataweka, Suna hana mvulana mzuri wa kumlilia kwenye mvua.

Afra ataingia kazi nyingine, na nyingine. Atasimama na mwanaume mwingine mbele ya kamera, na nina hakika yule jamaa atatukanwa kabla hajafungua mdomo, kwa kosa la kutokuwa Ferit. Tayari kuna mtu anaandika kwenye maoni hapa chini "lakini walipendana kweli". Kabla hujabonyeza kutuma, rudi sehemu ya kwanza, siku ile wageni wamekuja Gaziantep kuchumbia. Zima muziki. Mwangalie Seyran anapoambiwa ni yeye.