Neno "Impertinent", na Nani Asiyehusika

Wanachama wenzetu,

Mwezi uliopita karani mmoja wa chama chetu aliletewa barua ya onyo. Kosa lake ni kuandika mara ya pili kuulizia posho ya safari ya siku 11 alizotumwa kazini. Barua yake tumeisoma. Ilianza kwa heshima, ikaisha kwa heshima, na katikati mlikuwamo tarehe na hesabu basi. Jibu alilopewa halikutaja tarehe wala hesabu. Lilimwambia tu kwamba yeye ni "impertinent", na nakala ikatiwa katika faili lake.

Neno hilo si geni kwetu. Wazee wetu walioshika kalamu katika ofisi za wakoloni walilisikia, pamoja na mdogo wake "cheeky", kila mtu alipothubutu kuuliza. Wakoloni walikwenda zao. Neno lilibaki juu ya meza. Basi na tulitazame lilikotoka.

Asili yake ni Kilatini, "pertinere", yaani kuhusu, likatanguliwa na kikanusho. Maana yake ya kwanza ni jambo lisilohusu shauri linalozungumzwa. Adabu haimo humo, wala ukosefu wake. Na tazameni ni nani aliyelitumia hivyo. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, katika hadithi zake za mahujaji waendao Canterbury, alilitia kinywani mwa msomi maskini wa Oxford aitwaye "Clerk", jina lile lile tuitwalo sisi kwa Kiingereza. Msomi huyo, baada ya kumsifu Petrarch, mshairi mkuu wa Italia, asema kwamba utangulizi wake mrefu wa milima na mito hauihusu hadithi. Mdogo alimpima mkubwa kwa neno hilo, wala hakuna aliyemwita mfedhuli. Chaucer mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali: tangu 1374 hadi 1386 alisimamia hesabu za ushuru katika bandari ya London, na sharti la kazi lilikuwa aandike madaftari kwa mkono wake mwenyewe. Ni mwenzetu kabisa.

Shakespeare naye, katika mchezo wa The Tempest, alilitumia kwa hadithi isiyo na uhusiano na jambo lililopo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 iliiweka maana hiyo mbele. Hata leo kanuni ya 12 ya mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho za Marekani humruhusu hakimu kufuta katika hati maneno ya namna hiyo, yaani yasiyohusu kesi.

Lilipotokaje? Kwanza lilihama kutoka jambo likamwendea mtu, yule ajitiaye katika shauri la wengine. Kisha, katika karne ya 17 na ya 18, likamwangukia mdogo amsemeshaye mkubwa asivyopenda. Hapo ndipo tunapolishtaki. Mkubwa akikatiza maneno ya mdogo wake hapewi jina hilo. Swali la kale lilikuwa, "Je, jambo hili lahusu?" Swali jipya likawa, "Wewe ni nani?" Nasi tusijione safi: Kiswahili chetu kina neno ujuvi, lililotokana na kujua, na ni mara ngapi tumemwita mtoto mjuvi kwa sababu alijua!

Hatutetei matusi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yahesabu lugha ya matusi kwa mwajiri kuwa sababu ya kufukuzwa mara moja, wala hatuipingi. Lakini kifungu cha 46 cha sheria iyo hiyo chasema kwamba kuleta malalamiko juu ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa yakionekana hayana msingi. Waliotunga sheria walijua kutenga tusi na swali.

Sasa tupime barua mbili hizi. Karani aliuliza fedha zake, kwa safari yake, kwa amri ya ofisi yake. Ni lipi hapo lisilomhusu? Aliyejibu aliulizwa hesabu, akajibu tabia. Kwa Kiingereza cha Chaucer, ni jibu lililostahili neno lile.

Twataka onyo liondolewe katika faili la mwenzetu, na ajibiwe mambo matatu: siku zilizokubaliwa ni ngapi, kiwango cha posho ni kipi, na atalipwa tarehe gani.